Hakuna Aliyemwitikia

Nasra alitandika khanga juu ya kochi kabla Bibi Ruthu hajaketi. Alifanya hivyo kila Jumapili, upesi na kimyakimya, akidhani kwa kuwa mzee haoni basi hajui. Lakini Bibi Ruthu alipoketi alikipapasa kitambaa kilichokuwa chini yake, akajua kwamba kochi limefunikwa kwa ajili yake. Alijua pia kwamba khanga ilikuwa safi na imepigwa pasi. Binti yake Edina, aliyekuwa amemshika mkono, aliviona vidole vya mama yake vikipapasa, akatazama pembeni.

"Karibu sana, bibi," Nasra alisema. "Leo kuna filamu ya mapenzi. Ya nyimbo nyimbo."

"Ya Wahindi?"

"Hapana, ya mbali zaidi. Hata nchi yenyewe siijui. Wameweka maandishi ya Kiswahili chini."

"Basi Edina atanisomea."

Ndivyo walivyozoea, tangu ugonjwa wa vikope ulipommaliza macho Bibi Ruthu na Edina akamleta Nzuguni kuishi naye katika chumba kimoja cha kupanga. Nasra, jirani yao, alikuwa karani, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa Dodoma pamoja na ofisi yake, naye alikuwa na televisheni kubwa na moyo wa kukaribisha watu. Edina alikuwa na miaka thelathini na minane, elimu ya darasa la saba na kazi ya kufagia maofisi kule Mtumba. Siku sita za juma alitoka alfajiri, akarudi alasiri na mgongo unaouma. Jumapili alikuwa mali ya mama yake.

"Haya, anza," Bibi Ruthu alisema.

"Kuna mji, mvua inanyesha. Msichana anafungua duka la mikate. Baba yake mzee amekaa nyuma ya meza anafuta fidla kwa kitambaa."

"Fidla ndiyo nini?"

"Ni kama zeze, mama. Ila analiweka shingoni."

"Zeze la shingoni," Bibi Ruthu alirudia, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini.

Akaingia kijana, amelowa, hana mwavuli, akanunua mkate mmoja na kuuliza jina la msichana. Msichana hakumtajia. Kijana akatoka nje akaanza kuimba, na mara mtaa wote ukawa unaimba naye.

"Wanaimba wote," Edina alieleza. "Wauza samaki, wapita njia. Hata polisi anaimba."

"Na mvua bado inanyesha?"

"Inanyesha kweli kweli."

"Mvua inanyesha namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kulima."

Nasra alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Bibi, hao ni watu wa mjini."

"Hata sisi hapa ni watu wa mjini. Ikinyesha kesho utaona nani atabaki Nzuguni."

Filamu iliendelea. Kijana alirudi dukani kesho yake, na kesho kutwa. Bibi Ruthu hakuacha kuuliza. Alitaka kujua duka lina wateja wangapi, mama wa msichana alikufa lini, na kwa nini kijana mwenye afya hana kazi ya mchana.

"Sasa anamwambiaje?"

"Anasema anampenda."

"Si alisema pale mwanzo?"

"Anasema tena."

"Mara ya kwanza msichana hakusikia?"

Lakini ulipokuja wimbo wa watu wawili, aliacha kuuliza. Kijana alianza chini, msichana akaingia juu yake, akamwacha, akamrudia. Bibi Ruthu aliinamisha kichwa. Enzi zake kijijini kwao Haneti alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kikundi cha ngoma cha akina mama, ngoma kaibana kwa mapaja. Mpaka leo, watu wakiimba, mikono yake haikujua kutulia. Ilikuwa ikipiga taratibu juu ya magoti.

"Huyu kijana anajua kusubiri," alisema wimbo ulipokwisha. "Anamwachia mwenzake nafasi. Wengi hawajui."

Edina alisikia maneno hayo yakimwingia kwa upande ambao mama yake hakuulenga. Alikuwa na mtu wake anayesubiri. Damas, mchuuzi wa mbuzi kutoka Chemba, mgane mwenye watoto wawili, alikuwa amemuuliza tangu mwezi wa sita kama wazee wake waje. Alikuwa ameuliza mara moja tu. Baada ya hapo kila alipokuja mjini alimnunulia soda, wakakaa, akaondoka bila kurudia swali. Mama hakujua lolote. Edina alikuwa akitafuta siku nzuri ya kumwambia, na miezi minne ilikuwa imepita bila siku hiyo kufika.

Kwenye televisheni mambo yakabadilika. Mkono wa baba ukaanza kutetemeka, akashindwa kushika fidla, kisha akaanguka katikati ya duka na unga ukamwagika juu yake. Kijana alikuwa amepata kazi ya kuimba katika mji wa mbali. Alikuja kituoni na tiketi mbili. Msichana alifika, lakini mikono yake ilikuwa mitupu.

Nasra alikuwa ameinuka kwenda kuchemsha chai. Maandishi yakatokea: Nenda. Mimi siwezi kumwacha. Edina aliyasoma kwa macho, mdomo wake ukabaki umefungwa.

"Anasema nini?" Bibi Ruthu aliuliza.

"Anasema subiri. Tutaondoka wote, pamoja na baba."

"Na kijana anasemaje?"

"Amekubali."

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kwenye kioo treni iliondoka, miaka ikapita, kiti cha mzee kikabaki kitupu. Msichana, sasa mwanamke mwenye mvi, alifunga madirisha ya duka moja baada ya jingine huku akiimba. Kwa mdomo wa Edina, mwanamke huyo alikuwa amevaa shela, pilau ilikuwa imeiva, na baba alikuwa amewekwa kwenye kiti katikati ya watu.

"Wanasherehekea?"

"Wanasherehekea, mama."

Bibi Ruthu aligeuza sikio moja kuelekea televisheni, kama kuku anayeitazama punje. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanywa chai ya Nasra, akashukuru, akasema filamu ilikuwa nzuri, akaomba ashikwe mkono.

Walipofika kwao Edina alimweka mama yake kwenye kigoda mlangoni, akaketi chini na ungo wa mlenda. Jua lilikuwa bado kali.

"Yule msichana aliolewa?" Bibi Ruthu aliuliza.

"Aliolewa."

"Na mume wake alikuwa wapi wakati wa ule wimbo wa mwisho?"

"Alikuwepo."

"Alikuwa amenyamaza."

"Labda alichoka."

"Siku ya harusi yake mwenyewe."

Edina aliendelea kuchambua majani. Mama yake alingoja kidogo, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mimi nimeimba tangu nikiwa msichana, Edina. Mtu akianzisha, wenzake wanamwitikia. Hata akikosea wanamwitikia, halafu watamcheka baadaye. Yule hakuna aliyemwitikia. Yule alikuwa peke yake ndani ya chumba, na chumba chenyewe kimeshaondolewa vitu. Nimesikia sauti inavyorudi kutoka ukutani. Sasa niambie alichofanya."

"Alibaki na baba yake."

"Na kijana?"

"Alipanda treni."

"Na baba?"

"Alikufa baadaye."

Bibi Ruthu alitikisa kichwa. "Kwa nini umenidanganya?"

"Nilihofia utahuzunika."

"Nimemzika baba yako, nimezika na watoto wawili. Nitahuzunikia mtu wa kwenye televisheni?" Alinyoosha mkono, akaupata ungo, akaanza kuchambua naye. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya Edina. "Ni nani anataka kukuchukua?"

Basi Edina akasema. Alisema yote kwa mpango kama mtu anayetoa maelezo ofisini: jina, kijiji, kazi, watoto, kanisa, mke alivyofariki wakati wa kujifungua. Mama yake aliuliza maswali mawili tu, kama Damas anakunywa na kama anapiga. Majibu yote mawili yalikuwa hapana.

"Na mimi?" aliuliza mwishoni.

"Anasema twende wote. Ana nyumba ya vyumba vitatu."

"Nikakae kwa mkwe."

"Kwao hawaoni vibaya."

"Kwao. Mimi ni wa kwao?" Bibi Ruthu aliusukuma ungo. "Mama mkwe halali chini ya dari la mkwewe. Mkwe akipita njia hii, wewe unapita ile, unajifunika. Bibi yako mzaa mama alikaa miaka ishirini bila kula chakula mbele ya baba yako."

"Mama, wewe huoni. Utampishaje mtu usiyemwona?"

"Yeye ananiona."

"Atanisikia nikikohoa," mama yake aliendelea. "Ataziona nguo zangu kwenye kamba. Siku nikiugua atajua kila kitu. Hapana, mwanangu. Mpigie kaka yako."

Simu ya Edina ilikuwa haisikiki bila kuweka spika. Alisogea mpaka kona ya ua, akapunguza sauti, akampigia kaka yake Seth kule Haneti. Alimweleza kwa ufupi na kumwomba amchukue mama.

Seth alipumua kwa muda mrefu. "Nimefurahi kwa ajili yako, dada. Kweli. Ila hili la mama liache kwanza mpaka baada ya mavuno."

"Mavuno ni mwezi wa tano."

"Ndiyo. Mwaka jana uwele wote uliliwa na ndege, unajua. Nyumba imejaa. Halafu wifi yako Evarista anasema, sisemi mimi, anasema mama ana maneno. Alipokaa hapa mwezi mmoja tu, Evarista alikonda. Chakula kina chumvi, chakula hakina chumvi. Mtu mwenyewe haoni lakini anajua nyumba haijafagiliwa."

"Seth," Bibi Ruthu aliita kutoka mlangoni. "Hujanisalimu."

Edina alitazama simu kuona kama imekatika.

"Shikamoo, mama," Seth alisema.

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Msalimie Evarista. Mwambie nimesema chakula chake hakikuwa kibaya."

Siku mbili zilizofuata Bibi Ruthu alizungumza kwa nadra. Aliamkiwa, akaitika. Aliletewa chakula, akala nusu. Edina alienda kazini, akadeki korido ndefu za watu wasiomjua jina, akarudi. Siku ya Jumanne, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi na ndoo yake, alimpigia Damas.

"Nina jibu lako," alisema.

"Naona sauti yako imechoka."

"Jibu lenyewe—"

"Usinipe kwenye simu, Edina. Nimesubiri miezi minne, siku nne hazitaniua. Jumamosi nina mbuzi mnadani Msalato. Nikimaliza nitakuja mwenyewe nyumbani kwenu, uniambie nikiwa nimekaa."

"Basi njoo saa tisa. Kabla ya hapo nitakuwa sijatoka kazini."

Jumamosi mbuzi wa Damas walinunuliwa wote na mtu mmoja kabla ya saa tano. Saa sita na nusu alikuwa ameshafika Nzuguni, amevaa shati la mikono mirefu, viatu vina vumbi la mnadani. Alisimama nje ya lango la mabati akabisha hodi.

"Nani?"

"Ni mgeni wa Edina, mama. Shikamoo."

Bibi Ruthu, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliuvuta upesi mtandio ukamfunika uso mzima. Hakuhitaji kuambiwa jina. "Marahaba. Hayupo."

"Nitamsubiri hapa nje."

"Hapo nje hakuna kivuli."

"Si kitu, mama. Nimelizoea jua."

Akaketi juu ya tofali, mgongo kaupa lango. Bibi Ruthu alisikia tofali likitulia chini yake, akakunja mikono. Alikuwa na shida yake nyingine. Kwa kawaida alikwenda chooni mwenyewe kwa kufuata ukuta, lakini jana mafundi wa bomba walikuwa wamechimba mtaro kukata ua katikati, wakaondoka bila kuufukia. Asubuhi Edina alimvusha kabla ya kwenda kazini. Saa nne ilikuwa zamu ya Nasra, kama walivyokubaliana. Ila alfajiri ile Nasra alikuwa amepokea habari za msiba, akaenda stendi mbiombio na ahadi ikamtoka kichwani.

Bibi Ruthu aliita, "Nasra!" Akaita tena. Akamwita mpangaji wa chumba cha pili, ambaye siku hiyo alikuwa sokoni. Huko Mtumba, Edina naye alikuwa ameinama juu ya zulia la ukumbi ambalo msimamizi alisema lisafishwe upya kwa sababu Jumatatu kuna wageni.

Robo saa ikapita. Kisha nyingine.

"Wewe uliye nje," Bibi Ruthu alisema.

"Naam, mama."

"Hapo barabarani hapiti mwanamke yeyote?"

Damas alisimama akatazama pande zote mbili. "Hapiti mtu."

"Tazama vizuri."

Akatembea mpaka njia panda, akarudi. "Hakuna, mama. Jua hili watu wamejifungia."

Bibi Ruthu aliubana mtandio usoni. "Hapa uani wamechimba mtaro," alisema.

"Nauona kupitia huku langoni."

"Choo kiko ng'ambo yake."

Damas aliingia taratibu, akapita kando ya ukuta ulio mbali na Bibi Ruthu, akatafuta ubao akaulaza juu ya mtaro, akaukanyaga mara mbili kuujaribu. Dekio lilikuwa limeegemezwa dirishani. Alilichukua, akamsogezea Bibi Ruthu ncha ya mpini mpaka ikamgusa kiganja.

"Shika hapo, mama. Mimi nitashika huku. Ninatangulia, nimekupa mgongo."

Mzee akasimama. Walivuka ua hivyo, mtu na mkwewe, mpini wa dekio ukiwa katikati yao, yeye akitazama mbele na mama akiwa amejifunika uso usioona. "Hatua ndefu hapa," Damas alisema kwenye ubao. "Bado moja. Mlango uko mkono wako wa kulia."

Alipomsikia amefunga mlango alirudi haraka mpaka nje ya lango, akatoa simu, akaanza kuongea kwa sauti kubwa. Alisema mbuzi wa leo walikuwa wanono, kwamba juma lijalo ataleta kumi na wawili, kwamba yule dume mweupe hauzwi kwa bei hiyo hata kidogo. Aliongea mfululizo bila kupumzika, ili anayesikia ajue kwamba yeye hasikii kitu. Simu yenyewe ilikuwa imezima tangu asubuhi.

Mlango wa choo ulipogonga ukuta alikatiza mazungumzo, akaingia tena, akaokota dekio.

Edina alifika saa tisa na nusu, harufu ya sabuni ya zulia imemganda mwilini. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Atamshukuru kwanza. Atamwambia yeye ni mtu mwema, na kwamba hakuna kosa lake. Hatalia, kwa sababu akilia Damas atasema atasubiri tena, na hilo lisingekuwa haki.

Alimkuta amekaa juu ya tofali nje ya lango, shingo imelowa jasho. Ndani, mama yake alikuwa amegeuza kigoda, uso kauelekeza ukutani. Katikati yao ua ulikuwa mtupu, isipokuwa ubao juu ya mtaro na dekio lililolala chini.

"Umefika mapema," Edina alisema.

"Mbuzi walikwenda upesi. Pole na kazi."

"Nimeshapoa." Aliweka mkono langoni. "Damas, nimefikiri sana. Ninakushukuru kwa—"

"Edina," mama yake aliita, uso bado ukutani.

"Abee, mama."

"Utashukuru watu baadaye. Mkwe wangu ametoka mnadani tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Msongee ugali."

Edina alimtazama Damas. Damas alikuwa akitazama viatu vyake.

"Na umpelekee huko huko nje," Bibi Ruthu alisema. "Asije akala mbele yangu."

Edina aliingia ndani akiwa bado na mkoba begani. Akawasha jiko, akabandika sufuria, akasimama akiwa ameshika kopo la unga. Nje alimsikia mama yake akimuuliza mtu wa upande wa pili wa bati kama huko Chemba wanachimba vyoo mbali na nyumba au karibu. Akapima unga wa watu watatu.